Anza na dari: kwa nini kanisa kuu la Speyer lina giza na la Köln limejaa vioo

Swali limetoka kwa msomaji anayeishi Köln, Ujerumani: "Niliingia kanisa kuu la Speyer nikakuta kuta nene, madirisha madogo na nguzo nzito kama za ngome. Siku chache baadaye nikaingia kanisa kuu la hapa kwetu Köln, ukuta ni kama haupo, vioo vitupu hadi juu. Yote ni ya mawe na yote ni ya kale. Katikati hapo waashi waligundua nini? Na majengo haya yalisimamaje bila nondo wala zege?"

Ndugu yangu, ukirudi Speyer usianze na kuta. Inua macho kwanza. Kuta nene, nguzo nzito na madirisha madogo vyote vimewekwa kwa ajili ya kitu kimoja kilicho juu yao, yaani dari la mawe. Vioo vya Köln navyo vipo kwa sababu watu walipata njia nyingine ya kulibeba dari hilo hilo. Majina ya mitindo, Kiromaneski kwa Speyer na Kigothi kwa Köln, yalitungwa baadaye sana. Waashi wenyewe hawakuwahi kuyasikia. Wao walikuwa na swali la kazi: uzito huu uende wapi?

Jiwe hustahimili sana kubanwa, lakini kuvutwa haliwezi. Leo tukimwaga zege tunalaza nondo ndani kwa sababu hiyo hiyo: zege nalo ni jiwe, na pale linapovutwa ni chuma kinachoshika. Mwashi wa karne ya 11 hakuwa na nondo, kwa hiyo ilimbidi apange mawe yake ili kila moja libaki limebanwa na jirani zake. Umbo linalowezesha hilo ni tao. Shida ya tao ni kwamba uzito wake haushuki wima tu. Unasukuma miguu yake pembeni. Fungua ile ngazi ya mafundi rangi yenye pande mbili juu ya sakafu ya vigae, usifunge kamba ya katikati, kisha panda: miguu itateleza kwenda nje. Dari la mawe lililotandazwa juu ya ukumbi wenye upana wa mita 14 hivi, kama wa Speyer, linasukuma namna hiyo mchana na usiku. Miguu ikizuiwa, jengo husimama. Isipozuiwa, kuta hufunguka na dari hushuka.

Makanisa makubwa ya kwanza yalilikwepa tatizo hili. Mwaka 313, watawala wa Roma Konstantino na Licinius walipowapa Wakristo ruhusa ya kuabudu hadharani, ilibidi yapatikane majengo ya kukusanya watu wengi kwa mara moja. Hekalu la Kirumi halikufaa: lilikuwa chumba cha sanamu, na ibada kubwa ilifanyika nje mbele yake. Kilichofaa ni basilika, ukumbi wa umma uliotumika kwa mahakama na biashara. Ulikuwa na ukumbi mrefu wa kati, safu za nguzo pande mbili, njia za pembeni zenye paa la chini zaidi, na sehemu ya nusu duara mwishoni alipokaa hakimu. Hapo pakawekwa askofu na altare. Santa Sabina ya Roma, iliyojengwa kati ya 422 na 432, bado inaonyesha mpango huo karibu bila kuguswa. Paa lake ni la kenchi za mbao, na kenchi ina boriti ya chini inayofunga miguu yake miwili isiachane. Hakuna msukumo wa pembeni, hakuna haja ya ukuta mnene, na madirisha yake ni makubwa yenye mwanga tele.

Tafadhali lishike hilo, maana wageni wengi hulikosa. Giza la Speyer halikuletwa na ukale. Santa Sabina imeitangulia Speyer kwa miaka 600 na inaishinda kwa mwanga. Giza liliingia pamoja na dari la mawe.

Kwa nini basi waliacha mbao? Kwanza, moto. Mishumaa, taa, radi na majeshi viliteketeza mapaa ya makanisa Ulaya nzima, na paa la mbao likianguka linawaka ndani ya ukumbi na kuchukua kila kitu. Pili, sauti. Watawa walikuwa wakiimba zaburi saa zote za sala, usiku na mchana, na dari la mawe huishika sauti na kuirefusha. Tatu, heshima: mfalme aliyetaka kuzikwa mahali pa kudumu alitaka mawe kutoka sakafuni hadi juu.

Speyer ina habari hiyo yote mwilini mwake. Mfalme Konrad II wa Ujerumani aliianzisha karibu mwaka 1030 iwe mahali pa kuzikwa ukoo wake, na ilipowekwa wakfu mwaka 1061 ukumbi wa kati ulikuwa na dari bapa la mbao. Miongo miwili baadaye mjukuu wake, Heinrich IV, aliamua kutandaza mawe juu yake. Kuta zilikuwa zimeshasimama na hazikujengwa kwa mzigo huo, kwa hiyo mafundi walinenepesha nguzo, moja ndiyo, moja hapana, ili zile zilizonenepeshwa zipokee miguu ya dari jipya. Simama katikati ya ukumbi ulinganishe nguzo mbili zinazofuatana, utaiona tofauti bila kuelekezwa. Nusu ya magharibi iliporomoka katika moto wa mwaka 1689, jeshi la Ufaransa lilipouchoma mji, na ilijengwa upya karne ya 18 kwa kufuata ile ya awali. Dari lake ni la matao mawili yanayokatana, na faida yake ni kwamba uzito haumwagiki kwenye ukuta mzima bali hukusanyika kwenye pembe nne. Mafundi wa Speyer walikuwa tayari wameshika nusu ya jibu, ila hawakuwa na ujasiri wa kutoboa ukuta uliobaki katikati ya pembe hizo. Siwalaumu. Huko Cluny, Ufaransa, kanisa la watawa lililoanzishwa mwaka 1088, kubwa kuliko yote ya Magharibi wakati ule, lilipoteza sehemu ya dari la ukumbi wake mwaka 1125. Habari za namna hiyo husafiri haraka miongoni mwa mafundi.

Kama umewahi kuingia Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 chini ya Askofu Edward Steere mahali palipokuwa na soko la watumwa, umeshaliona jibu la aina ya Speyer: dari la tao lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji, kuta nzito, madirisha membamba. Ncha za madirisha ni za Kigothi, lakini namna ya kubeba uzito ni ya kizamani zaidi.

Sasa tuje kwenye ugunduzi wenyewe. Kwa kweli ni vitu vitatu vilivyokutana, na hakuna kimoja kati yake ambacho peke yake kingeleta vioo vya Köln.

Cha kwanza ni tao lenye ncha. Halikuzaliwa Ufaransa, msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, uliokamilika mwaka 879, umejaa matao hayo, na hata katika magofu ya Gedi pwani ya Kenya yapo. Ulaya waliyaona kwa majirani zao Waislamu wa Sicily na Hispania. Faida yake kwa mwashi ni mbili. Tao la nusu duara lina kimo kimoja tu kwa kila upana: ukipanua, linapanda, ukibana, linashuka. Lenye ncha unaweza kulipandisha au kulishusha utakavyo, kwa hiyo matao ya upana tofauti yanaweza kufika kimo kimoja, na dari linakuwa rahisi kupanga hata kama vyumba chini yake si mraba. Tena, kwa kuwa limesimama wima zaidi, linasukuma pembeni kidogo kuliko la duara.

Cha pili ni mbavu: matao membamba ya mawe yanayojengwa kwanza, kona hadi kona, kisha nafasi kati yake inajazwa mawe mepesi. Durham, kaskazini mwa Uingereza, kanisa lililoanza mwaka 1093, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kufunika ukumbi mzima namna hiyo. Fundi alipata mistari iliyonyooka ya kufuata, na hakuhitaji kuweka kiunzi cha mbao chini ya dari lote kwa wakati mmoja.

Vitu hivi viwili vilikutanishwa kwa makusudi huko Saint-Denis, nje ya Paris. Abate Suger, mkuu wa watawa wa hapo, alibomoa sehemu ya altare ya kanisa lake la zamani na kuijenga upya kwa miaka minne tu, ikawekwa wakfu tarehe 11 Juni 1144. Alitaka mwanga, aliandika wazi kwamba mwanga wa vitu vya dunia humwinua mtu kwenye mwanga wa kweli. Nguzo nyembamba, mbavu juu yake, na kati ya nguzo na nguzo vioo vya rangi. Viongozi wa dini kutoka sehemu nyingi za Ufaransa walihudhuria siku ile, wakarudi kwao, na katika miaka michache iliyofuata makanisa yao yakaanza kubomolewa na kujengwa upya.

Cha tatu ndicho kilichoondoa ukuta kabisa. Kama uzito sasa unafika kwenye pembe chache, basi ni pembe hizo tu zinazohitaji kuzuiwa, na anayezuia si lazima awe ndani. Ukizunguka nje ya kanisa lako la Köln unaona nguzo kubwa zimesimama mbali na ukuta, na kutoka kila nguzo tao limeruka hewani kwenda kuuegemea ukuta wa ukumbi wa kati. Nitayaita matao egemezi. Yanapokea msukumo wa dari, yanauvusha juu ya mapaa ya njia za pembeni, na kuushusha ardhini. Vile vinara vya mawe vilivyochongwa juu ya nguzo za nje, ambavyo watalii hupiga picha wakidhani ni urembo tu, vina kazi: uzito wake unaukandamiza msukumo ugeuke kuelekea chini kabla haujaitoka nguzo. Na migongo ya matao mengi ina mifereji inayovusha maji ya mvua kutoka paa la juu. Baada ya hapo ukuta hauna mzigo mkubwa tena. Unaweza kuutoa uweke kioo.

Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, lilionyesha kwamba inawezekana kwa ukubwa wote. Kanisa la zamani liliungua mwaka 1194, na jipya lilipanda haraka sana, dari likiwa mita 36 hivi juu ya sakafu, na sehemu kubwa ya vioo vyake vya karne ya 12 na 13 bado iko mahali pake. Kisha miji ya Ufaransa ikaanza kushindana. Amiens, lililoanza mwaka 1220, lilifika zaidi ya mita 42. Beauvais wakasema watapita wote.

Dari la altare la Beauvais lilikamilika mwaka 1272 likiwa na kimo cha mita 48 hivi, na hakuna dari la Kigothi lililowahi kulizidi. Mwaka 1284 sehemu yake ikaanguka. Walipojenga upya waliingiza nguzo mpya katikati ya zile za awali, ili kila tao libebe nusu ya upana wake wa zamani. Ukiingia leo unaziona, zimesongamana kuliko inavyotarajiwa. Ungedhani somo limeeleweka. Karne ya 16 wakajenga mnara wa mita 153 juu ya makutano ya mabawa ya kanisa, ukakamilika mwaka 1569, huku upande wa magharibi ukumbi wenyewe haujajengwa na hakuna cha kuuegemeza mnara upande huo. Mwaka 1573, siku ya sikukuu ya Kupaa Bwana, ukaanguka. Ukumbi haukujengwa kamwe. Mahali ambapo ungekuwa, kanisa dogo la karne ya 10 lililotakiwa kubomolewa bado limesimama. Mimi nalipenda kanisa la Beauvais kuliko Amiens lililokamilika, kwa sababu ndani yake unaona mafundi wakifikiri, wakipatia na wakikosea, na kila hatua imebaki kwenye mawe.

Utauliza walipimaje haya yote bila hesabu za mhandisi. Walitumia jiometria ya uwiano: mraba, pembetatu, bikari na kamba. Hilo lilitosha kuliko tunavyodhani, kwa sababu katika jengo la namna hii jiwe hubanwa kwa sehemu ndogo tu ya nguvu linayoweza kubeba. Mara chache jiwe husagika. Linaloangusha jengo ni umbo kukosea. Na umbo lililosimama likiwa dogo, ukilikuza kwa uwiano ule ule, kwa kawaida litasimama likiwa kubwa. Mabishano yao tunayo, maana huko Milano kumbukumbu za vikao ziliandikwa. Kanisa lile lilianza mwaka 1386, na karibu mwaka 1400 fundi Jean Mignot kutoka Paris aliwaambia Wamilano kwamba nguzo zao za kuegemeza ni dhaifu mno. Wakamjibu kwamba matao yenye ncha hayasukumi nguzo hizo, jambo ambalo si kweli, kisha wakasema elimu ni kitu kimoja na ufundi ni kingine. Jibu la Mignot limebaki: ufundi bila elimu si kitu. Kwa nadharia Mignot alikuwa sahihi. Kanisa la Milano nalo limesimama mpaka leo, likiwa na fito za chuma zinazovuka kati ya nguzo na nguzo na kuzifunga pamoja. Ukiingia utaziona wazi juu ya kichwa chako.

Elimu aliyoidai Mignot ilikuja mwaka 1675, mwanasayansi Robert Hooke wa London alipoeleza kwamba mnyororo unaoning'inia, ukiugeuza juu chini, unakupa umbo la tao linalosimama. Mnyororo huvutwa tu. Ukigeuzwa, kila kipande kinabanwa tu. Kuba la Mtakatifu Petro, Roma, lililokamilika mwaka 1590, lilipojaa nyufa, mwanahisabati Giovanni Poleni alining'iniza uzi wenye vizito vilivyolingana na uzito wa vipande vya kuba, akaona umbo la uzi uliogeuzwa linaingia ndani ya unene wa kuba. Kwa hiyo nyufa zile hazikuwa dalili ya kuanguka. Hata hivyo alishauri kuba lifungwe pete za chuma, na katika miaka ya 1740 zikafungwa.

Hapo ndipo ninapolazimika kurekebisha kidogo swali lako, maana chuma kilikuwepo. Sainte-Chapelle ya Paris, iliyowekwa wakfu mwaka 1248 na ambayo kuta zake ni vioo karibu vitupu, imefungwa kwa minyororo ya chuma iliyofichwa. Notre-Dame ya Paris ilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, watafiti walikuta pini kubwa za chuma zikifunga mawe tangu hatua za mwanzo za ujenzi, karne ya 12. Moto ule ule ulionyesha pia kwamba sababu ya kwanza ya dari la mawe ilikuwa sahihi. Msitu mzima wa boriti za mwaloni uliteketea juu yake, mnara mwembamba ulianguka na kutoboa matundu, lakini sehemu kubwa ya dari ilishika, na chini yake vioo vikubwa vya duara, kinanda na nguzo vikabaki. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Na kanisa lako la Köln ni la ajabu zaidi kwa habari hii. Lilianza mwaka 1248, baada ya lile la zamani kuungua, fundi Gerhard akifuata mfano wa Amiens kwa karibu sana. Mahujaji walikuwa wakimiminika kuyaona masalia ya Mamajusi yaliyoletwa kutoka Milano mwaka 1164, na sadaka zao zililipa mawe. Sehemu ya altare iliwekwa wakfu mwaka 1322. Kisha fedha zikapungua, na katika karne ya 16 kazi ikasimama. Winchi ya mbao ilibaki juu ya mnara wa kusini usiokamilika mpaka mwaka 1868, ikawa alama ya mji kwa karne kadhaa. Mchoro wa awali wa upande wa mbele, wenye urefu wa zaidi ya mita 4, ulipatikana ukiwa vipande viwili, kimoja Darmstadt mwaka 1814 na kingine Paris mwaka 1816, na kwa mchoro huo Waprusi, waliokuwa wakiutawala mji wakati huo, walianza tena mwaka 1842 na kumaliza mwaka 1880. Minara yake ina mita 157. Sehemu kubwa ya ukumbi unaosimama ndani yake, kwa hiyo, ni kazi ya karne ya 19 kwa mchoro wa enzi za kati. Na kenchi za paa lake, juu ya dari la mawe, ni za chuma. Katika Vita Kuu ya Pili mabomu yalilipiga mara nyingi, mji ukabaki kifusi, na mifupa ya kanisa ikasimama; kukosa mbao za kuwaka darini kulisaidia sana.

Kanisa lina ziara za darini zinazoongozwa, na wewe unaishi hapo hapo mjini. Jiandikishe, vaa viatu vinavyoshika vizuri, na umwombe mwongozaji akupitishe juu ya mgongo wa dari kisha nje kwenye matao egemezi. Siku nyingine uende St. Gereon, moja kati ya makanisa 12 ya Kiromaneski ya Köln. Ukumbi wake wa pande kumi, uliokamilika mwaka 1227, miaka 21 tu kabla ya kanisa kuu kuanzishwa, una mbavu ndani na matao egemezi nje, na bado una kuta nene. Hapo utaukuta ule ugunduzi uliouulizia ukiwa nusu njia.